Mshumaa wa Saa 24: Maswali Yenu Kuhusu Siku za Kumbukumbu za Wayahudi

Wasomaji wangu salamu. Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kwamba Wayahudi wana kalenda yao na kwamba huu mwaka wetu wa 2026 kwao umeanza ukiwa 5786, nikajua yameisha. Kumbe ndo nimefungua bomba. Meseji zimeingia kutoka Tanga mpaka Kigali, nyingine ndefu kuliko makala yenyewe, na nimezisoma zote. Leo najibu sita, na moja fupi katikati.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, niko huku London namuangalia bibi mmoja Myahudi ana miaka 91. Mwaka jana tarehe 19 Januari jioni aliwasha mshumaa mdogo ndani ya glasi akauweka jikoni, akaniambia usiuzime, ni wa babangu. Mwaka huu akauwasha tena lakini tarehe 8 Januari. Nikaogopa, nikaona kumbukumbu zinaanza kumtoka, nikataka nimwambie mwanawe. Kachanganya kweli?

Marahaba mwanangu. Hajachanganya hata kidogo, na nashukuru umeuliza kabla hujampigia mwanawe simu.

Hiyo ni kumbukumbu ya mwaka ya kufa kwa babake. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki wanaiita yortsaiti. Mshumaa unawaka kama saa 24 mpaka ujimalizie wenyewe, maana Mithali 20:27 inaifananisha roho ya mtu na taa ya Mungu. Tarehe wanayofuata ni ya kalenda yao, na kalenda yao inafuata mwandamo wa mwezi kama hii ya Kiislamu tunayoijua, mwezi una siku 29 au 30, mwaka wa kawaida siku 354 hivi, kwa hiyo kila mwaka tarehe inarudi nyuma kama siku 11 ukiilinganisha na kalenda ya ukutani. Tofauti ni kwamba Ramadhani inazunguka majira yote, leo kiangazi kesho masika, lakini Torati imewaambia Wayahudi Pasaka lazima iwe majira ya kuchipua, sasa ili isitoroke wanaongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Inarudi, inarudi, alafu inaruka mbele.

Nilichukua hizo tarehe zako mbili nikapiga hesabu. Tarehe 20 Januari 2025 na tarehe 9 Januari 2026 zote ni siku ileile moja kwao, tarehe 20 ya mwezi wa Tebethi (mwezi huu unaupata kwenye kitabu cha Esta sura ya 2, pale Esta anapopelekwa kwa mfalme). Utaniuliza, mbona yeye aliwasha tarehe 19 na tarehe 8? We ni mtu wa Tanga, hilo huhitaji kufundishwa na mimi. Kwao siku mpya inaanza jua likizama, kama bibi zetu walivyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Alhamisi jioni. Na ukiangalia vizuri hata majina ya siku tumefanana nao, wao wanahesabu siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, alafu Sabato ndo yenye jina lake, na sisi tunahesabu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu tukielekea Ijumaa. Mzungu wa London atashangaa siku inaanzaje jioni, mtu wa pwani hawezi kushangaa.

Na hii siku inafanana na hauli, sijui kama nyumbani kwenu mlikuwa mnakwenda hauli za masharifu, mtu mkubwa anakumbukwa kila mwaka siku aliyofariki, watu wanakusanyika, wanasoma, wanakula. Wayahudi wa Morocco na Tunisia wana kitu kinachokaribia sana, wanakiita hilula, wanakwenda kwenye kaburi la mtu mwema siku aliyokufa na wanaimba, tena kwa furaha. Huyo bibi wako yeye anafanya ya nyumbani, ya kimyakimya. Mwanaume kwa kawaida angekwenda sinagogi kusema Kadishi, sala ya Kiaramu ambayo ukiisikiliza toka mwanzo hadi mwisho haitaji kifo hata neno moja, inamsifu Mungu tu, na inahitaji watu wazima kumi wawepo.

Sasa jambo la kumwambia bibi siku mkiwa mmekaa mnakunywa chai: babake amefariki tarehe moja na Musa bin Maimun, ambaye wao wanamwita Rambam. Alizaliwa Córdoba huko Andalusia karne ya 12, familia ikakimbia mateso ikapitia Fez, akaishia Fustat penye Cairo ya leo, akawa kiongozi wa Wayahudi wa Misri na tabibu kwenye baraza la Salahuddin, akaandika sheria kwa Kiebrania na falsafa kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Alifariki tarehe 13 Desemba 1204, tarehe 20 Tebethi. Kaburi lake liko Tiberia. Nina hakika bibi anajua, lakini atafurahi kuona na we unajua.

Na ujiandae: mwaka huu huu wa 2026 siku hiyo inarudi tena, jioni ya tarehe 29 Desemba. Alafu 2027 yote haimo kabisa, mpaka katikati ya Januari 2028. Nunua mishumaa mapema, na ikifika jioni hiyo kama yeye amesahau ndo umkumbushe.

Habari mwalimu. Sisi ni kidato cha sita Moshi, tumebishana kwenye grupu mpaka usiku. Mmoja anasema Wayahudi hawasherehekei besdei kama baadhi ya madhehebu, mwingine anasema wanakata keki kama kawa. Nani yuko sahihi, na Musa alizaliwa lini?

Wote mna kipande cha ukweli. Hakuna katazo, na leo hii Wayahudi wengi wanakata keki. Lakini ukienda kwenye maandiko, besdei iliyotajwa wazi kwenye Torati ni moja, ya Farao, Mwanzo 40:20, na siku hiyo ndo mwokaji wake alitundikwa. Kwa hiyo mapokeo ya zamani hayakuipa uzito siku ya kuzaliwa. Waliipa uzito siku ya kufa, kwa sababu wakati mtoto anazaliwa hujui atakuwa mtu wa aina gani, akishafariki ndo unajua umepewa nani na umepoteza nani. Mimi hili limenikaa moyoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hajui tarehe yake ya kuzaliwa, kwenye kitambulisho wamemuandikia 1 Januari kama walivyoandikiwa wazee wengi, yeye alikuwa anajua tu ni mwaka wa nzige. Lakini siku aliyofariki babu aliijua mpaka saa na mvua iliyokuwa inanyesha.

Musa sasa. Mapokeo yanasema alizaliwa tarehe 7 Adari na akafariki tarehe 7 Adari, akiwa na miaka 120 kamili. Ndo maana Wayahudi wakimtakia mtu besdei njema wanamwambia, ufike 120. Mkitaka kumtumia mtu salamu hiyo tumieni, ni nzuri.

Siku za kuzaliwa zenye maana ya kisheria zipo. Siku ya 8 mvulana anatahiriwa. Miaka 13 anakuwa bar mitzva, maana yake anabeba amri mwenyewe, akikosea ni yeye na Mungu wake, babake ametua mzigo. Wasichana ni miaka 12, ila sherehe ya wazi sinagogi kwa ajili ya msichana ni jambo la juzi, Marekani ya kwanza inayojulikana ilikuwa ya Judith Kaplan huko New York tarehe 18 Machi 1922. Hata miti ina tarehe yake, 15 Shebati, kwa sababu matunda ya mti hayaliwi miaka mitatu ya mwanzo na lazima pawe na siku ya kuhesabia umri.

Kwa kuwa mnapenda kubishana nawaachia hili. Ule mwezi wa kuongeza unakuwa Adari ya kwanza, alafu inafuata Adari ya pili (mwakani 2027 zitakuwa mbili, muangalie). Binamu wawili wamezaliwa mwaka wa aina hiyo, mmoja tarehe 20 Adari ya kwanza, mwenzie siku 15 baadaye, tarehe 5 Adari ya pili. Miaka 13 inafika, mwaka huo una Adari moja tu. Aliyezaliwa nyuma anafikisha 13 tarehe 5, aliyezaliwa mbele anasubiri mpaka tarehe 20! Mdogo anakuwa mtu mzima wa dini kabla ya mkubwa na sheria inakubali hivyo. Na nyie mnaofikisha miaka 19 mwaka huu, besdei yenu ya kawaida na ya Kiyahudi zinakutana tena, au zinapishana kwa siku moja hivi, kwa sababu mzunguko ni wa miaka 19.

Mwalimu, mimi natembeza watalii hapa Malindi. Juzi mgeni kutoka Israeli alisimama kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama akanyamaza muda mrefu, alafu akaniambia babu zake walifukuzwa Hispania siku ya tisa ya mwezi wa Av, na kwamba Gama asingefika hapa bila Wayahudi. Nilikosa la kujibu. Ni kweli?

Ni kweli kuliko unavyodhani, na nakuomba uanze kuwasimulia wageni wako.

Tarehe 9 Av ndo siku nzito kuliko zote kwenye kalenda yao. Wanafunga saa 25 bila chakula wala maji, wanakaa chini sakafuni au kwenye vigoda vifupi kama wafiwa, taa zinapunguzwa, wanasoma kitabu cha Maombolezo. Hekalu la kwanza liliharibiwa na Wababeli 586 KK, la pili likachomwa na Warumi mwaka 70 BK, na mapokeo yanaziweka zote mbili siku hiyo. Alafu historia ikaendelea kurundika juu yake. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote tarehe 18 Julai 1290, ukihesabu inakuangukia 9 Av. Hispania, Ferdinand na Isabella walisaini amri yao tarehe 31 Machi 1492 huko Granada, mtu abatizwe au aondoke, mwisho ni mwisho wa Julai. Siku za mwisho za kuondoka zikaangukia wiki hiyohiyo ya 9 Av, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 2 Agosti. Kesho yake, tarehe 3 Agosti, Columbus aliondoka bandari ya Palos. Watu waliokuwa na nyumba, makaburi ya mababu, mashamba ya mizabibu, waliviuza kwa bei ya kutupa wakashuka bandarini na watoto, na amri hiyo Hispania haikuifuta rasmi mpaka 1968.

Mmoja wa walioondoka ni Abraham Zacuto, mnajimu wa Salamanca. Naposema mnajimu simaanishi mpiga ramli, alikuwa mtaalamu wa mwendo wa jua na nyota. Alikimbilia Ureno, mfalme akampokea, majedwali yake ya jua yakachapishwa mji wa Leiria mwaka 1496. Haya majedwali ndo muhimu, kwa sababu nahodha akivuka ikweta kwenda kusini ile Nyota ya Kaskazini anaipoteza, hana cha kupimia, inabidi apime jua mchana na awe na orodha ya kumwambia jua liko wapi siku hiyo. Vasco da Gama alisafiri na kazi ya Zacuto. Aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, Aprili 1498 alikuwa Mombasa alafu kwenu Malindi, na mfalme wenu ndo akampa rubani wa kumvusha mpaka India. Kwa hiyo nguzo hiyo ina mikono ya watu wengi ambao hawajaandikwa hapo.

Sasa sikia jambo linaloniumiza. Wakati Gama yuko baharini Zacuto alikuwa anafukuzwa kwa mara ya pili, maana Desemba 1496 mfalme Manuel wa Ureno naye alitoa amri yake, na 1497 ikafuata ya kubatiza watu kwa nguvu. Zacuto alifika Tunis, na huko ndo akamaliza mwaka 1504 kitabu cha historia ya vizazi vya wanazuoni wa Kiyahudi, nani alimfundisha nani, toka mwanzo. Mtu amefukuzwa nchi mbili anakaa chini kuandika majina ili yasipotee.

Mwaka huu 9 Av inaanza jioni ya tarehe 22 Julai mpaka tarehe 23 usiku. Kama utakuwa na wageni Waisraeli siku hiyo usiwapangie nyama choma.

Mwalimu wa sekondari, Dodoma: Siku ya kukumbuka Holokosti ni 27 Januari au ni Aprili?

Zote. Holokosti ni yale mauaji ya Wayahudi milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani. Tarehe 27 Januari 1945 jeshi la Kisovieti liliikomboa kambi ya Auschwitz, na Umoja wa Mataifa mwaka 2005 ukaifanya siku ya dunia nzima. Israeli wanafuata 27 Nisani, ambayo huangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei, waliichagua karibu na kumbukumbu ya uasi wa gheto la Warszawa, mtaa walikofungiwa Wayahudi wa mji huo wa Poland, ulioanza tarehe 19 Aprili 1943, mkesha wa Pasaka. King'ora kinalia saa nne asubuhi dakika mbili, magari yanasimama barabarani, madereva wanashuka. Wafundishe wanafunzi zote mbili.

Mwalimu shikamoo, mimi ni mzee wa hapa Eldoret. Wajukuu wamesoma kwenye intaneti kwamba hapa petu palikuwa pawe nchi ya Wayahudi, sikuamini. Ilikuwa lini na ilikufa vipi?

Mzee shikamoo wewe, mimi ndo nikuamkie. Wajukuu wamesoma sawa, ingawa jina limewapoteza watu wengi kwa sababu vitabu vinauita mpango wa Uganda wakati ardhi yenyewe ni Uasin Gishu. Sababu ni kwamba upande huo ulikuwa Uganda mpaka 1902, Waingereza ndo wakauhamishia kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki.

Aprili 1903 huko Kishinev, iliyokuwa chini ya Urusi, watu waliwavamia majirani zao Wayahudi siku mbili wakaua 49, wakabomoa nyumba na maduka. Theodor Herzl, mwandishi wa habari aliyezaliwa Pest tarehe 2 Mei 1860 na ambaye ndo alianzisha chama cha Kizayuni, cha Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, alikuwa anatafuta mahali pa haraka pa kuwaweka watu hao. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, akamuonyesha Uasin Gishu. Agosti 1903 Herzl akaupeleka mpango kwenye mkutano mkuu wa sita wa chama hicho, Basel huko Uswisi, na swali lilikuwa dogo tu, kwamba tume itumwe ikaangalie. Waliokubali 295, waliokataa 178. Lakini waliokataa wengi walikuwa wajumbe wa Urusi, yaani hao hao ambao watu wao ndo walikuwa wanauawa, walitoka ukumbini na wengine wakakaa sakafuni wakalia kama siku ya 9 Av niliyomweleza yule wa Malindi. Kwao kukubali ardhi nyingine kulikuwa kama hekalu kubomolewa tena.

Herzl moyo ulikuwa unaumwa, alifariki tarehe 3 Julai 1904, ana miaka 44. Tume ya watu watatu ilifika kwenu mwanzoni mwa 1905, na mkutano wa saba mwaka huohuo ukaukataa mpango moja kwa moja. Walowezi wa Kizungu waliokuwa Kenya nao walikuwa wanaupinga kwa kelele.

Ila mzee, kuna watu hawakuulizwa Basel wala London, nao ni wenyeji. Ile tambarare haikuwa tupu, ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Uasin Gishu na baadaye Wanandi, na mwaka huohuo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa wa Kiingereza alipokwenda kwenye mazungumzo. Makaburu walikuja 1908, na mashamba yakapimwa, mpaka leo mji wenu mnauita 64 kwa namba ya shamba. Wajukuu wakiuliza tarehe ya kuandika ukutani mimi ningewaambia waandike 19 Oktoba kwanza, alafu ndo waandike Agosti 1903.

Herzl anakumbukwa 20 Tamuzi. Mwili wake ulihamishiwa Yerusalemu Agosti 1949, mwaka mmoja baada ya Israeli kutangazwa tarehe 14 Mei 1948, yaani 5 Iyari. Tarehe 15 Mei Wapalestina wanakumbuka Nakba, kupotea kwa makazi yao na vijiji vyao. Siku mbili zilizoshikana, watu wawili, na mwenye kusoma historia asifumbe jicho moja.

Mimi ni wa Mbale, jirani wa Abayudaya. Naona kila mwandishi anaandika Wayahudi wa Ulaya na Marekani, sisi hapa wako mlimani tunasoma nao. Mbona hujawataja?

Umenikamata, samahani, na nafurahi kurekebisha.

Abayudaya ni jamii ya Wayahudi wa Uganda, na aliyeianzisha, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuishika mashariki ya Uganda, wakamuahidi makubwa, hawakumpa. Akajiondoa, akakaa na Biblia. Akasoma amri ya kutahiri akataka kuifuata, inasimuliwa kwamba wenzake wa dini wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi, naye akajibu basi na mimi ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Hapo alikuwa hajafundishwa na Myahudi hata mmoja. Mwaka 1920 ndo akapita mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef, akawafundisha, na kitu kikubwa alichowaachia ni hiki tunachoongelea leo, majira ya sikukuu, lini Pasaka, lini Mwaka Mpya, lini siku ya kufunga. Hebu fikiria, una kitabu lakini hujui leo ni tarehe ngapi ya kitabu hicho, mpaka mtu aje akupe kalenda. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Idi Amin alipowapiga marufuku wengi waliacha, waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Fungua kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule, 11 Aprili ni 14 Nisani, mkesha wa Pasaka, jioni ile ambayo kila Myahudi duniani anakaa mezani kusimulia kutoka kwenye utumwa wa Misri. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama. Kaka yangu mkubwa alikuwa vita vile, alirudi, hakuwa anajua kwamba juu ya mlima Mbale kuna watu kwao ile ilikuwa Pasaka kwelikweli. Rabi wao Gershom Sizomu alipata urabi Los Angeles mwaka 2008, na 2016 akaingia bungeni. Wasalimie sana majirani zako.

Mwalimu, naandika kutoka Kigali. Babangu aliuawa Aprili 1994, hatujui siku gani wala wapi. Kila Kwibuka, ile kumbukumbu yetu ya mauaji ya kimbari, natoka na wenzangu lakini naona wivu, Mungu anisamehe, kwa mtu anayesema babangu ni tarehe fulani. Hao Wayahudi unaosema wanashika tarehe ya kufa, wale waliouawa kambini wasiojulikana siku wanawafanyaje?

Pole sana. Nimekaa na meseji yako siku tatu kabla ya kujibu, na sioni cha kukusamehe hapo.

Walifanya mambo matatu ninayoyajua. Familia nyingine zilichukua siku ya mwisho iliyojulikana, siku mtu alipopakiwa kwenye treni au siku mtaa mzima ulipotolewa nje, wakaifanya ndo yortsaiti. Miji mingine, wachache waliobaki walikubaliana tarehe moja kwa ajili ya mji wote, kwa hiyo watu wa mji mmoja waliosambaa New York, Buenos Aires na Tel Aviv wanawasha mshumaa usiku mmoja. Na kwa ambao hawakuwa hata na hilo, Baraza Kuu la Marabi la Israeli liliweka tarehe 10 Tebethi kuwa siku ya Kadishi kwa kila mtu ambaye siku yake ya kufa haijulikani. Hawakuitoa hewani, ni siku ya kufunga toka zamani, Wafalme wa Pili 25:1, siku Nebukadreza alipoizingira Yerusalemu. Inatembea kama zote, 2024 haikuangukia kabisa, 2025 ikaangukia mara mbili, tarehe 10 Januari na tarehe 30 Desemba. Mtu asiye na tarehe anakwenda siku hiyo anasimama na wengine wasio na tarehe.

Na kuna karatasi. Kituo cha kumbukumbu cha Yad Vashem, Yerusalemu, kilichoanzishwa 1953, kinapokea fomu ya mtu mmojammoja, jina, jina la baba, jina la mama, mahali, kazi, tarehe ya kufa kama inajulikana. Kati ya watu milioni 6 wamekusanya majina milioni 5, na bado wanapokea. Tarehe ikikosekana jina linapokelewa vilevile.

Anne Frank, yule binti Myahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha na familia yake kuwakwepa Wanazi, dunia nzima inajua besdei yake, tarehe 12 Juni 1929, kwao 4 Sivani, kwa sababu besdei yake ya 13 ndo alipewa daftari la kuandikia. Siku waliyokamatwa Amsterdam inajulikana, 4 Agosti 1944. Siku aliyokufa haijulikani. Yeye na dadake Margot walikufa kwa homa ya chawa kambi ya Bergen-Belsen, vita vilipoisha maofisa wakaandika tarehe 31 Machi 1945 ili tu pawe na tarehe, baadaye watafiti wakaona inaelekea ilikuwa Februari. Baba yao Otto, peke yake aliyebaki kati ya wale 8 waliojificha, aliishi mpaka 1980 bila kuijua.

Kwa hiyo ukichagua siku, hujadanganya. Chagua na ndugu zako kama wapo, siku ya mwisho mlipomuona, au siku aliyozaliwa, au yoyote mtakayokubaliana, alafu muishike hiyohiyo kila mwaka. Pale Bergen-Belsen Anne na Margot wamewekewa jiwe moja, mahali ambapo hakuna ajuaye kama ndipo walipo. Limeandikwa majina na miaka, 1926 na 1945, 1929 na 1945, hakuna siku wala mwezi, na watu wanaopita wanaacha vijiwe.